Shahidi wa Tatu wa Usilale

Ukitaka kumchokoza mzee Majina, mwambie kwamba mtaa wa Pumzika unaitwa hivyo kwa sababu ya baa iliyopo pale kona. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya shati, ataivaa tena, halafu atakueleza, upende usipende, kwamba baa ile imekuja juzi tu. Kabla ya barabara, wachukuzi waliokuwa wakipandisha chumvi migongoni walifika pale wakatua mizigo, kwa kuwa mbele yao kulikuwa na ngazi za mawe mia mbili na kumi, na hakuna mtu aliyezikwea bila kwanza kuvuta pumzi. Ngazi nyingi zimefunikwa na lami. Ukimwachia nafasi kidogo tu, atakushika mkono akupeleke ukazione mbili zilizobaki nyuma ya duka la viatu, na hapo uziage shughuli zako zote za mchana.

Mji wote alikuwa nao kichwani namna hiyo. Ulikaa pale mlima ulipobonyea kati ya vilele viwili, na soko lilikuwa kwenye sehemu nyembamba kabisa, ndiyo maana pakaitwa Kiunoni. Upande wa chini vijito viwili vilikutana, pakaitwa Maji Mawili, na ingawa kijito kimoja kilishatiwa kwenye mabomba siku nyingi, jina lilikataa katakata kubadilika. Upande wa juu nyumba zilipandiana, paa la huyu likiwa sawa na kizingiti cha yule, kiasi kwamba ukiangusha sahani jikoni kwako, jirani wa chini anakuuliza kama umeumia. Mzee Majina alijua kila pembe iliitwaje, nani aliipa jina, na kwa sababu gani. Jina lake mwenyewe ndilo watu walilolisahau. Mkewe tu ndiye aliyelikumbuka, naye alilitumia siku za hasira.

Alianza kazi ofisi ya ramani akiwa na miaka ishirini na mitatu, kubeba vyombo vya wapimaji. Mkuu wa wakati ule akaona mwandiko wake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, akamtoa kwenye mizigo na kumpa daftari. Kazi ikawa moja: kukwea na kushuka, kugonga milango, kuuliza hapa panaitwaje, na kuandika. Akaifanya miaka thelathini na sita. Viatu alivyovimaliza kwa kazi hiyo hakuna aliyevihesabu, ila fundi viatu wa Kiunoni alikuwa akimsalimia kwa heshima kubwa mno.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria, na hapa lazima nikueleze, maana bila sheria hii kisa chote hakina miguu. Zamani, kabla yake, mkusanyaji mmoja mvivu alikaa na mzee mmoja mlevi kutwa nzima, akaandika majina ya vilima vinane aliyotajiwa. Ramani ikachapishwa. Baadaye ikajulikana kuwa yote manane ni majina ya mbuzi wa yule mzee. Ofisi ilichekwa mpaka basi. Tangu hapo ikaamuliwa: jina haliingii kwenye ramani mpaka litajwe na watu watatu wa nyumba tatu tofauti, na mwulizaji haruhusiwi kulitaja yeye kwanza wala kumtilia mtu neno mdomoni. Anauliza tu, "Hapa mnapaitaje?" kisha ananyamaza. Fomu ilikuwa na nafasi nne kwa kila shahidi: jina kama lilivyotamkwa, aliyelitaja, sababu ya jina, na alilisikia lini kwa mara ya kwanza. Chini kabisa, sahihi. Wakitimia wawili, jina linasubiri. Wasipopatikana watatu mpaka ramani iende kuchapwa, linafutwa, na mahali pale panabaki peupe.

Sasa, juu ya Maji Mawili kuna mteremko mpana wa nyasi unaotazama mashariki. Mzee Majina aliupanda akiwa na miaka ishirini na saba, kijana mwenye miguu ya chuma na kichwa kilichojaa mambo mengine. Mwanamke mmoja mfuga kondoo akamwambia panaitwa Usilale. Fundi mmoja wa kuezeka akamwambia vilevile, Usilale, na akaongeza kwamba watu hulima pale mchana na kuchunga, ila hakuna anayejenga, kwa sababu mvua zikizidi ardhi ya pale hujongea. Yote mawili akayaandika kwa penseli. Shahidi wa tatu alikuwa mrina asali aliyekaa ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu siku. Alimfuata mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili hakumkuta. Mara ya tatu mvua ikamshika njiani pale Pumzika, na viatu vilikuwa vipya, akaingia kwenye mgahawa kujikinga. Msichana aliyemletea chai alimcheka kwa jinsi alivyovipangusa vile viatu kwa leso yake nzuri. Mvua ilikatika saa sita. Yeye aliondoka saa kumi, na kilimani hakwenda.

Msichana yule ndiye mkewe. Na jina la Usilale, lilipofika tarehe ya kuchapa, akalifuta kwa mkono wake, kama sheria ilivyotaka. Wala hakujisikia vibaya. Mwaka ule alikusanya majina mia nne na zaidi, moja lililopotea lingemnyima usingizi wa nini? Ramani ikatoka nzuri ajabu, na mteremko ule ukabaki peupe.

Watu wa viwanja walipoitazama ramani hiyo miaka mingi baadaye, wakaona peupe, panatazama mashariki, karibu na maji. Wakapima viwanja, wakaviuza. Ndugu yake mdogo, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha mbali, alikuwa ndiyo kwanza anarudi nyumbani na mke na watoto wawili. Akanunua kimoja, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, na kaka mtu akaenda siku ya kuezeka akashika ngazi, akapiga na misumari miwili mitatu, yote imepinda, wakacheka sana.

Wakakaa miaka minne. Kisha, mwanzoni mwa mvua kubwa za mwaka ule, ndugu yake akaja ofisini. Ilikuwa Jumanne. Mzee Majina aliikumbuka siku hiyo kama mtu anavyokumbuka mahali alipoungulia moto. Mdogo wake alisimama kwenye kaunta kama raia yeyote, koti limelowa mabegani, akauliza huku akitabasamu kwa aibu.

"Kaka, eti kule kwetu zamani paliitwa Usilale? Kuna mtu anasema si pa kujenga."

Mzee Majina akakunjua ramani juu ya kaunta, akateremsha kidole mpaka mahali penyewe. Peupe. Na hapa sitamtetea wala sitamsingizia. Hakudanganya. Alikuwa amesahau kabisa. Jina lile lilipita masikioni mwake na halikugonga popote.

"Hamna kitu kama hicho," akasema. "Lingekuwepo ningekuwa nalo mimi. Watu wanapenda hadithi, mdogo wangu."

"Nilijua tu," ndugu yake akasema. "Majina mwenyewe akikataa, basi yameisha." Akacheka, akaomba salamu zifike kwa shemeji, akatoka.

Wiki tatu baadaye, Jumapili saa mbili asubuhi, mteremko ukajongea. Nyumba kumi na moja. Mke wa mdogo wake alikuwa ameteremka sokoni mapema, watoto walikuwa nyumbani na baba yao. Mzee Majina alichimba kwa mikono siku mbili pamoja na wengine, mpaka kucha zikang'oka. Wakawatoa wote watatu. Siku ya nne baada ya mazishi, aliingia stoo ya ofisi, akatafuta daftari la zamani, akaligeuza kurasa. Penseli iliyofutwa huacha kovu kwenye karatasi. Akaliinamisha kuelekea dirishani na akalisoma jina, na sababu yake, na tarehe, kwa mwandiko wake mwenyewe uliosimama wima. Akaketi chini sakafuni. Alilia pale mpaka sauti ikamkauka, kisha akalirudisha daftari nyuma ya mengine na akafunga mlango.

Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia, angeanzia wapi, na siku ile ya viatu vipya ndiyo waliyokuwa wakiwasimulia watoto kila mwaka? Alijiambia kwamba wanaojua habari ya ile Jumanne ni wawili tu, yeye na marehemu. Akaishi na hilo miaka saba. Alikonda, akawa mtu wa kusahau chai mpaka ipoe, na watu wakasema jamani, yule mzee alimpenda mdogo wake.

Sasa amebakiza miezi michache astaafu, na ramani mpya inatengenezwa. Mkuu wa ofisi siku hizi ni mwanamke umri wa bintiye, mwenye akili nyingi na subira kidogo, anayemwita baba lakini hamlegezei kamba. Mwanzoni mwa mwezi, mkuu huyo alimwita akamwonyesha barua kutoka kwa watu wa viwanja. Walitaka kupima viwanja tena kwenye ule mteremko. Nyasi zimeota, waliandika, na ardhi imetulia.

Mzee Majina aliisoma barua ile mara mbili.

"Pana jina pale," akasema. "Jina linalokataza watu kujenga."

"Liko wapi? Mimi naona peupe."

"Nitalileta."

"Lete, baba. Likiingia kwenye ramani pamoja na sababu yake, hakuna mtu wa viwanja atakayeniambia hakujua. Lakini watu watatu, kama kawaida. Mwisho Ijumaa ya wiki ya tatu. Mitambo ya kuchapa hainisubiri."

Angeweza kumwonyesha daftari la zamani. Mashahidi wawili walikuwa mle. Lakini daftari lingesema yote, na lingesema na jina lake. Usiku na mchana aliwaza kitu kimoja: jina liingie, na siri ibaki palepale ilipo. Alitaka vyote viwili. Nani asingetaka?

Akaanza kupanda tena, na goti lake bovu. Wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji na kuikemea nusu nyingine. Alimkuta barazani anachambua mchele.

"Bibi, ule mteremko juu ya Maji Mawili, mnauitaje?"

"Wewe si ndiye Majina? Unaniuliza mimi?"

"Kazi, bibi. Lazima niulize."

"Haya. Ni Usilale, pataitwaje vingine? Chui walikuwa wanapita pale. Ulale uliwe?"

Akaandika. Sababu ilikuwa ya chui, lakini jina lilikuwa ni lile. Bibi akaweka sahihi kubwa iliyovuka mpaka wa fomu, akamwambia anywe maji, amekuwa mwembamba kama ufagio.

Baada ya hapo mambo yakagoma. Mrina asali alikufa zamani. Yule mfuga kondoo na fundi wa kuezeka nao vilevile. Kila aliyemuuliza alikuwa na jawabu la kwake. Mwenye duka akasema, "Kwani pana jina?" Dereva wa lori akasema panaitwa Maporomoko, tangu yale maporomoko. Kondakta mstaafu alitaja majina matano mfululizo na kuomba achague lililo zuri. Mzee Majina alisimama mbele yao na ulimi umembana, neno liko pale nyuma ya meno, na sheria haimruhusu kulitema. Ningekuwa mimi ningeshalitema. Yeye alishukuru, akafunga daftari, akaenda mlango mwingine.

Wa pili akampata wiki ya pili, mchonga mawe aliyefanya kazi machimboni juu kabisa, mzee mwenye vumbi jeupe hata kwenye nyusi. Huyo hakufikiri hata kidogo.

"Usilale. Baba yangu alisema ardhi ya pale iko juu ya jiwe telezi, maji yakiingia kati yake inateleza. Nilimwambia mtu wa viwanja, akaniuliza nina cheti cha wapi." Akatema mate pembeni. "Bado nani?"

"Bado mmoja."

"Si shemeji yako alikaa pale? Muulize yeye. Waliokaa pale waliobaki hai huku mjini ni yeye tu, wengine wote walihama."

Mzee Majina akasema ndiyo, ataangalia. Akashuka akiwa na fomu yenye sahihi mbili.

Si kwamba hakuonana na shemeji yake. Kila mwaka, wiki ile ya maafa, alimpelekea sukari na sabuni na mafuta. Mjane yule alipanga chumba kimoja Maji Mawili, nyuma ya mashine ya kusaga, na alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Alimpokea vizuri kila mara. "Karibu shemeji. Ahsante shemeji. Wasalimie." Alikuwa akishona huku wanaongea, na macho yake yalikaa kwenye sindano. Mzee Majina alikuwa akishukuru kimoyomoyo kwa hilo. Hakuwahi kukaa zaidi ya nusu saa.

Ikafika Alhamisi, kesho yake ndiyo mwisho. Akapiga moyo konde, akaenda saa nane mchana.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya cherehani chini ya dirisha, na sare za bluu zimerundikwa hadi kwenye mto. Ukutani hapakuwa na picha. Picha zote zilikuwa kwenye nyumba ile. Shemeji yake akatoa sare kwenye kiti, akampangusia, akashangaa.

"Mbona si mwezi wake, shemeji? Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kikazi."

Akatoa fomu. Akamweleza kuhusu ramani mpya na barua ya watu wa viwanja. Mjane alisikiliza mikono imetulia mapajani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kuiona mikono yake haifanyi kitu.

"Wanataka kuwapa watu tena? Palepale?"

"Palepale. Kwa hiyo nakuuliza, shemeji, kama ninavyomuuliza kila mtu." Akaweka kalamu tayari. "Pale mlipokaa, mnapaitaje?"

Nje mashine ya kusaga ilinguruma, ikazimwa, ikawashwa tena. Mzee Majina alikazia macho kalamu yake.

"Usilale," akasema mjane.

Moyo wa mzee uliruka. Aliandika harakaharaka, akihofia neno lisije likarudi lilikotoka. Usilale. Aliyelitaja. Sababu ya jina?

"Kwa sababu ardhi inahama, mtu asilale akakutwa usingizini."

Akaandika hayo. Kwa furaha ile, na mazoea ya miaka thelathini na sita, akasoma nafasi ya nne bila kufikiri.

"Ulilisikia lini kwa mara ya kwanza?"

"Wiki tatu kabla," akasema. "Jumatatu. Bibi mmoja alipita kutafuta kondoo wake, akaniona naanika nguo, akaniambia mwanangu, mbona mnalala hapa. Nilishindwa kula. Mume wangu aliporudi nikamwambia tuhame, hata tukapange. Akanicheka. Nikamwambia basi nenda kamuulize kaka yako, yeye anajua majina yote, akisema hakuna nitanyamaza. Jumanne akaja kwako."

Kalamu ilisimama. Mzee Majina akainua uso kutoka kwenye fomu.

"Unajua," akasema. Sauti haikuwa yake. "Siku zote hizi ulikuwa unajua kwamba alikuja."

"Mimi ndiye niliyemtuma, nitaacha kujua?"

"Na hukuniambia neno."

"Nikuambie nini, shemeji?" Mjane aliokota kipande cha uzi gotini pake, akakizungusha kidoleni. "Mwanzoni nilikuchukia, siwezi kukuficha. Nilikuwa nikikusikia unabisha hodi natamani nijifanye sipo. Halafu nikajiambia, mwanamke, ramani haikuwa na hilo jina. Hakuna aliyemwambia. Angejuaje? Alimjibu ndugu yake kwa lile alilokuwa nalo. Nikakaa na maneno hayo, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakaniingia. Ndiyo maana unanikuta nakufungulia mlango." Akamtazama usoni, na macho yake yalikuwa na upole ambao mzee yule hakuwahi kuutarajia duniani. "Hukujua. Basi. Andika hiyo Jumatatu, niweke sahihi, uende zako ukapumzike. Umekonda mno."

Aliandika ile Jumatatu. Ilibaki sahihi tu. Angenyoosha fomu, angepewa, angesimama, angeaga. Jina lingeingia kwenye ramani, na msamaha ule angeondoka nao mfukoni. Nadhani kila mtu mwenye nyama na damu angenyoosha ile fomu. Na yeye mkono wake ulishaanza kuisukuma.

Lakini hakuweza. Ule upole ndio uliomshinda. Angekuwa amefokewa, pengine angenyamaza mpaka kaburini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Niliambiwa nikiwa kijana. Na watu wawili. Niliandika kwenye daftari langu, pamoja na sababu yake, hiyohiyo ya ardhi kuhama. Wa tatu sikumfuata. Mvua ilininyeshea, nikakaa mgahawani nikinywa chai na msichana. Nikalifuta. Mume wako alipokuja nilikuwa nimesahau, Mungu anajua nilikuwa nimesahau, lakini nililiandika kwa mkono huu. Daftari liko stoo. Nililiona wiki ile ile ya mazishi, nikalificha."

Mjane hakulia. Hakupiga kelele. Uzi ulikuwa umemkaza kidoleni mpaka ncha ikageuka nyeupe, na hakuwa na habari nao.

"Chai," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakunywa chai."

Mzee Majina akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka yakadondokea kwenye mikono yake, na hakuthubutu kuyafuta, asije akaonekana anaomba kitu.

Mjane alisimama. Akaenda dirishani, akakaa pale kitambo kirefu, mgongo umemwelekea. Mzee alitazama fomu mezani, pale palipobaki patupu, akajua kwamba amelipoteza jina kwa mara ya pili. Hakuna mtu angemlaumu yule mama kama angeichana. Nyumba kumi na moja nyingine zingejengwa, watoto wengine wangelala pale, na yote kwa sababu yeye hakuweza kufungua mdomo wakati wa kuufungua, wala kuufunga wakati wa kuufunga.

Mjane akarudi. Akachukua kalamu kutoka mikononi mwa shemeji yake, akainama, akaweka sahihi. Aliandika polepole, jina lake lote, na la mumewe, akafuatisha na majina ya watoto wawili, ingawa fomu haikuyaomba. Kisha akaisukuma karatasi kuvuka meza.

"Hili lipeleke. Watoto wa watu wasilale pale."

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Jina lichapishwe. Wewe usije tena hapa, wala sukari yako usilete. Nilikuwa nimeshamaliza na wewe vizuri. Ungeniacha nilivyokuwa." Hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Miaka saba imenichukua kufika pale, na wewe umenirudisha kwa siku moja."

Alimfungulia mlango. Mzee Majina akatoka na fomu kifuani, akasimama kidogo uani kwa watu wa mashine ya kusaga, hajui aelekee juu au chini. Msagaji akamsalimia, naye akajibu kitu kisichoeleweka.

Kesho yake asubuhi aliweka mezani kwa mkuu fomu ile na daftari la zamani, vyote viwili. Mkuu akaanza na fomu. Aliisoma yote, sahihi ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu, akatulia juu ya yale majina manne. Daftari alikuwa bado hajaligusa. Akainuka, macho yamelowa, akaita ofisi nzima.

"Njooni muone jinsi kazi inavyofanywa," akawaambia. "Usilale imepatikana. Baba huyu amekwenda mpaka kwa mjane wa ndugu yake."

Wachoraji wakaacha meza zao, makarani wakaja, hata mlinzi akaingia. Wakampigia makofi. Mzee Majina alisimama katikati yao, mikono imening'inia, akingoja wamalize ili mkuu afungue lile daftari.